Laki kumi na moja za Kajiado, na wale thelathini na wanane

Ukitoka Mombasa kwa gari, ukafika Athi River na kushika njia ya Namanga, mji mkubwa utakaokupokea ni Kitengela. Hapo umekwisha kuingia Kajiado, nchi ya Wamasai, ambayo leo ina watu wa kila kabila. Katika sensa ya Agosti 2019 walihesabiwa watu 1,117,840. Wazee wetu wangesema laki kumi na moja na ushei, wakapita. Lakini namba nayo ina nasaba yake.

Ikate nusu, upate 558,920. Ikate tena, 279,460, tena, 139,730, mara ya nne, 69,865. Hapo nusu zimekwisha, kwani tumefika kwenye witiri. Gawa kwa 5, upate 13,973, ambayo ni 89 mara 157. Hizi mbili hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Basi asili ya namba yetu ni 2 mara nne, kisha 5, 89 na 157. Wala hakuna namba nyingine duniani yenye asili hiyo.

Je, yagawanyika kwa 3? Jumlisha tarakimu zake: ni 22. Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, na namba yenyewe haigawanyiki. Mgawa mirathi anayetumia mafungu 24, penye sudusi na thumuni, angebakiwa na 16 mkononi.

Sasa tazama jambo. Wanaume walikuwa 557,098 na wanawake 560,704. Ukijumlisha wapata 1,117,802. Wamepungua 38. Je, karani amekosea? Hasha. Hao ni mahuntha, ambao sensa ya Kenya iliwapa safu yao kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 2019; nchi nzima walikuwa 1,524. Kabla ya hapo kila mmoja alisukumwa upande huu au ule. Kwa wenye elimu ya faraidhi, hili si geni: mafakihi tangu zamani walimwekea huntha mlango wake, wakapima fungu lake ili haki yake isipotee.

Mtu atasema, 38 katika milioni ni kitu gani? Haya, waondoe, kisha ukate nusu: 558,901, na tayari ni witiri. Ile 5 imetoka, 89 imetoka, 157 imetoka. Namba imekuwa nyingine kabisa.

Tena si lazima waondoke wote. Akiachwa mmoja tu, zinabaki 1,117,839, na namba mbili zinazofuatana hazina kigawanyo cha pamoja ila 1. Nasaba yote imekatika kwa kumsahau mtu mmoja. Ndiyo maana karani mwema wa sensa hupiga hodi hata kwenye mlango wa mwisho.