Esansi inapanda, mazao yanalala: pikipiki ya umeme inaweza kusaidia koperative?

Kwa koperative nyingi za Djugu, Irumu na Mahagi, faida ya viazi, maharagwe ao kahawa haipotei shambani. Inapotea barabarani. Esansi na mazutu yetu vinatoka mbali, sehemu kubwa inapitia Uganda. Barabara ya Mahagi ao ya Komanda ikifungwa kwa sababu ya usalama ao matope, bei kwa kadhafi inapanda siku hiyo hiyo, motari anaongeza bei ya safari, na mkulima ndiye anabaki na kabichi inayooza.

Ndiyo maana wanamemba wengi wanatuuliza: hizi pikipiki za umeme tunazosikia, zinaweza kutufaa huku kwetu? Jibu letu ni hili: ndiyo kwa safari fulani, hapana kwa zingine. Tueleze.

Inatembea namna gani?

Pikipiki ya umeme haina tanki wala karbireta. Iko na betri, mota na kifaa kidogo kinachopima umeme wa kupeleka kwenye mota. Injini ya esansi inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kwa joto na moshi. Karibu robo tu ndiyo inafika kwenye gurudumu. Mota ya umeme inafikisha zaidi ya robo tatu ya nguvu ya betri. Tena hakuna mafuta ya injini ya kubadilisha, wala buji ya kununua. Lakini matairi, mnyororo na breki vinachakaa vile vile.

Tuchukue hesabu. Pikipiki ya esansi yenye mzigo inakula litre 3 hivi kwa kilomita 100. Ya umeme inakula kilowati-saa 4 hivi kwa safari hiyo hiyo. Swali kubwa ni moja: hizo kilowati-saa 4 zitatoka wapi?

Zikitoka kwa jenereta ndogo ya esansi, hakuna faida. Jenereta kama hiyo inatoa kilowati-saa 1 na nusu hivi kwa litre moja, na chaja nayo inapoteza kidogo. Utachoma tena litre 3, ni kama hujafanya kitu.

Zikitoka kwa jua, mambo yanabadilika. Paneli 3 za wati 400 kila moja, siku yenye jua nzuri, zinaweza kutoa kilowati-saa 3 hadi 4. Hiyo ni kilomita 80 hivi za pikipiki. Wakati wa mvua nyingi inaweza kupungua hata nusu. Kwa hiyo msipange safari za kila siku kwa hesabu ya siku ya jua kali.

Wenzetu wamefanya nini?

Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuweka motari kwenye pikipiki za umeme. Motari hangoji kuchaji: anafika kwenye kituo, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaendelea na kazi. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazoandikishwa kubeba abiria Kigali lazima ziwe za umeme. Kampala nako, Zembo inafanya kazi kwa mfumo huo wa kubadilisha betri. Lakini hiyo ni miji: vituo viko karibu karibu. Kutoka Bunia mpaka Mahagi ni zaidi ya kilomita 150. Ukiishiwa betri katikati, hakuna mtu wa kukuuzia bidoni ya umeme kando ya njia.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu uko Zimbabwe. Katika wilaya ya Wedza, Mobility for Africa ilianza mwaka 2019 kupeleka pikipiki za magurudumu matatu, zinazoitwa Hamba, kwa vikundi vya wanawake wa vijijini. Betri zinachajiwa kwa jua kwenye kituo kimoja, na akina mama wanabeba mboga, maji na mizigo ya jirani kwa malipo. Safari ni fupi, na kila siku zinarudi pale pale. Hapo ndipo siri iko.

Milima yetu nayo

Ziwa Albert liko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari. Bunia iko karibu mita 1.270. Magurudumu matatu yenye samaki, dereva na betri, jumla kilo 500, ikipanda kutoka Kasenyi itakula zaidi ya kilowati-saa 1 kwa ule mlima peke yake, mbali na zile za kutembea tu. Anayewauzia akisema "inafika kilomita 80", mumuulize: na mzigo gani, na kwenye mlima gani?

Kwa hiyo ushauri wetu ni kuanza na safari fupi: kutoka shamba mpaka depo, kutoka depo mpaka barabara kubwa. Safari ndefu bado ni kazi ya fuso, na njia nzuri ya kupunguza esansi hapo ni kukusanya mizigo ya wanamemba wengi ili gari lisiende nusu tupu. Na pale ambapo kinga inatosha, kinga inashinda zote kwa bei.

Kabla ya kutoa franka za koperative

1. Betri ni ya aina gani? Zile za risasi ni za bei chini, lakini ni nzito na zikimalizwa kila siku zinaweza kufa baada ya mwaka mmoja tu. Zile za LFP zinadumu miaka mingi zaidi.
2. Fundi na piesi viko Bunia, ao vinangojewa kutoka Kampala?
3. Garantia imeandikwa kwenye karatasi, na betri imetajwa ndani?
4. Nani atalinda paneli usiku, na kama watu wakikimbia, nani anabeba betri?
5. Siku bila safari, paneli zitachaji simu za watu kwa malipo?

Swali la tatu msilipuuze. Betri ndiyo sehemu ya bei kubwa; ikikufa bila garantia, deni linabaki kwa wanamemba.

Kuanzia leo, katibu afungue daftari moja. Kwa mwezi mzima aandike kila safari: kilomita, kilo, litre za esansi, franka za matengenezo. Mulete daftari hilo kwenye mkutano mkuu. Kama safari nyingi ziko chini ya kilomita 30 kwenda na kurudi, mazungumzo ya umeme yanaweza kuanza. Kama sivyo, mutakuwa mumeokoa pesa, na mutajua pia esansi inawakula kiasi gani.