Injini ya Pampu Ikipanda Kwamkoro: Sayansi ya Pikipiki ya Kuunda Mwenyewe

Pampu ya kumwagilia ikifa, mara nyingi injini yake huwa bado nzima. Ni silinda moja, aghalabu ya sentimita za ujazo 163, inayowashwa kwa kuvuta kamba. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea, mabomba ya chuma na magurudumu mawili ya bodaboda iliyochakaa ana karibu kila anachohitaji kuigeuza pikipiki.

Kwenye tambarare ya Muheza, chombo kama hicho kingetembea hata kama kimeundwa ovyo. Kwamkoro hakusamehe. Mashamba yake ya chai na msitu wake viko katika milima ya Usambara ya Mashariki, jirani na Amani, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Njia ya kuteremka hadi Zigi, ambako Wajerumani walifikisha reli yao ya kusafirishia mbao na kuishia chini ya mlima, imejaa kona kali, na mvua huigeuza utelezi. Mahali kama hapa, ukubwa wa injini si swali la kwanza. La kwanza ni jinsi nguvu yake itakavyofika kwenye gurudumu la nyuma, na la pili, ambalo mafundi wengi hulisahau, ni wapi litakwenda joto la kuteremka.

Injini iliyokosa kazi

Pikipiki yenyewe ilizaliwa hivyohivyo, kwa injini iliyotafutiwa chombo. Mwaka 1885, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach wa Ujerumani walifunga injini yao ya nusu hospawa kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili makubwa na mawili madogo ya kuegemea. Shabaha yao ilikuwa kuijaribu injini. Chombo kilikuwa kibebeo chake tu.

Mfano ulio karibu zaidi na fundi wetu ni wa Hamamatsu, Japani, mwaka 1946. Vita vilikuwa vimekwisha, usafiri ulikuwa wa shida, na Soichiro Honda akakuta injini ndogo za jenereta zilizotengenezwa kwa ajili ya redio za jeshi. Akazifunga kwenye baiskeli. Mwanzoni injini ilizungusha gurudumu la mbele kwa msuguano, lakini tairi likaumia. Akaihamisha na kutumia mkanda hadi gurudumu la nyuma. Injini hizo, zipatazo 500, zilipokwisha, alibuni ya kwake na kuanza kuiuza mwaka 1947. Kampuni iliyofanya pikipiki zake zijulikane dunia nzima ilianza na vyuma vilivyokosa kazi.

Hesabu ya kupanda

Tuchukue pikipiki ya kilo 60, dereva wa kilo 70 na gunia la kilo 50. Jumla ni kilo 180. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani unapanda mita 10 kwa kila mita 100 za njia, mvutano wa dunia unaurudisha mzigo huo nyuma kwa nyutoni 176 hivi. Ongeza nyutoni 50 za ukinzani wa barabara ya udongo. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kazi hiyo inataka wati 950 hivi, yaani hospawa moja na robo. Injini yetu ina hospawa karibu tano. Ukiishia hapo, utadhani kazi imekwisha.

Kumbe bado. Injini ya pampu imeundwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika. Gurudumu la bodaboda la inchi 17, pamoja na tairi lake, lina mzingo wa mita 1.8. Ukiunganisha injini na gurudumu moja kwa moja, mahesabu yanadai mwendo wa kilomita 390 kwa saa, huku gurudumu likisukuma ardhi kwa nyutoni 30 na kitu tu. Chombo hakitasogea hata inchi.

Dawa ni kupunguza mizunguko ili kuongeza nguvu ya kuzungusha, kama mtu anayevunja noti moja kubwa apate noti nyingi ndogo: thamani ni ileile, ila sasa inatumika pale inapohitajika. Sproketi ya meno 11 kwenye injini ikivuta ya meno 44, mizunguko inapungua mara nne na nguvu ya kuzungusha inaongezeka mara nne. Sproketi moja kubwa sana ingegusa ardhi, kwa hiyo kazi hugawanywa mara mbili: cheni ya kwanza inakwenda kwenye ekseli ya katikati, ya pili inatoka hapo hadi gurudumu la nyuma. Nne mara nne ni 16.

Hapo injini, ambayo nguvu yake ya kuzungusha ni kama nyutonimita 10, inasukuma barabara kwa nyutoni 420 hivi, baada ya kutoa kinachopotea kwenye cheni na upungufu wa hewa. Upungufu huo ni wa kweli: kwenye mita 1,000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, na injini inayovuta hewa kidogo huchoma mafuta kidogo. Mwinuko wa asilimia 20 unadai nyutoni 400. Tunapita, kwa nafasi finyu. Gharama yake ni mwendo: chombo hakitazidi kilomita 24 kwa saa. Kwa njia za mashambani, mwendo huo unatosha kabisa.

Feni isitolewe

Kwa jambo moja, injini ya pampu inaishinda ya pikipiki. Injini nyingi za bodaboda hupozwa na upepo wa safari, na kwenye mlima mrefu mzigo ni mkubwa ilhali upepo ni kidogo. Injini ya pampu ilizaliwa kufanya kazi ikiwa imesimama, kwa hiyo ina feni yake, na bati linaloifunika huelekeza hewa kwenye mapezi ya silinda. Wanaoling'oa bati hilo ili injini ipendeze wanaiua. Hewa itatawanyika, pistoni itapanuka kwa joto, na injini itakwama katikati ya mlima.

Kushuka ndiko kwenye hatari

Kila mita unayopanda ni akiba ya nishati ambayo lazima irudishwe ukishuka. Kilo 180 zikiteremka mita 500 za wima huachia kilojuli zipatazo 880, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji. Sehemu yake kubwa hupitia breki. Breki zenye kilo tatu za chuma zikilimeza lote bila kupoa, joto lake lingepanda kwa zaidi ya nyuzi 600. Kwa bahati nzuri upepo huzipoza, lakini kabla ya kufika huko bitana za breki zinakuwa zimeanza kuteleza, na mkono unavuta wenzo bila matokeo.

Je, injini haiwezi kusaidia kuzuia? Inaweza, kwa masharti. Klachi nyingi za injini hizi hujishika zenyewe mzunguko ukipanda na hujiachia ukishuka. Klachi inayojiachia kwenye mizunguko 1,800, kwa uwiano wetu wa 16, itaacha injini chini ya kilomita 12 kwa saa. Kuanzia hapo umebaki na breki pekee.

Ukikimbia kupita kiasi, hatari ni kubwa zaidi. Gavana ya injini hupunguza mafuta mizunguko ikizidi, lakini haiwezi kuzuia mlima usiizungushe injini kupitia cheni. Kwa kilomita 40 kwa saa, injini iliyotengenezwa kwa mizunguko 3,600 inalazimishwa kuzunguka karibu 5,900. Konrodi inaweza kukatika, na flaiwili ya chuma cha kuyeyusha inaweza kupasuka karibu na miguu ya dereva.

Watengenezaji wa chukudu za Kivu, vile vyombo vya mbao vinavyobeba magunia ya viazi na makaa hadi Goma, wanaujua ukweli huu bila injini yoyote. Wanajua mlima utakisukuma chombo bure, ndiyo maana wanaweka kipande cha mpira wa tairi cha kukandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma.

Darasa la fizikia lenye cheni

Hesabu zote hizi zimo katika fizikia ya sekondari: mashine sahili, nishati, msuguano, joto. Mwanafunzi anayezikariri kwa ajili ya mtihani angezielewa maisha yake yote kama angehesabu meno ya sproketi kwa mkono wake. Shule za milimani na vyuo vya ufundi vya VETA vingefanya jambo kubwa kwa kuipeleka injini chakavu darasani, na fundi wa kijijini akaalikwa kama mwalimu.

Na fundi anayeanza kesho aanze kinyume na mazoea. Afunge kwanza breki mbili zinazojitegemea, ya mbele na ya nyuma, azijaribu kwenye mteremko mfupi akiwa na mzigo kamili na kofia ngumu kichwani, kabla injini haijawekwa. Kisha apange sproketi kwa mlima mkali kuliko yote atakaoupanda. Injini iwe ya mwisho. Na chombo kisichosajiliwa kibaki shambani, mbali na barabara ya umma.