Mashine Haidai Hakimiliki, na Mteja Si Mchoraji

Swali hili limenichosha: "Mwalimu, akili mnemba ikinichorea picha, mwenye picha ni mimi au ni mashine?" Nimeulizwa Nachingwea, nimeulizwa Ruangwa, tena na vijana wenye vipaji. Swali la kujiuliza ni jingine: katika picha hii mimi nimefanya nini?

Mashine tuiondoe mapema. Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi kuwa ni binadamu. Mnyama naye hana nafasi: kima wa Indonesia aliyejipiga picha kwa kamera ya mpiga picha David Slater alidaiwa na watetezi wa wanyama kuwa ndiye mwenye hakimiliki, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani ikawakatalia.

Sasa wengi hurukia upande wa pili: "Basi ni yangu, kwa sababu maagizo niliandika mimi." Hapana! Ukimwagiza fundi akuchongee kinyago cha mzee mwenye ndevu, hujawa mchongaji, umekuwa mteja. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli. Rangi hizo hakuzitengeneza yeye, wala ubao. Kilichokuwa chake ni uamuzi: chui ajae ubao mzima au abanwe pembeni, madoa yakae wapi, mkono uishie wapi. Ukiiandikia programu "chora chui wa Tingatinga", maamuzi hayo yote umeyaacha. Programu inakokotoa kutokana na picha walizochora watu, wengi wao bila kuombwa ruhusa. Jasho ni lao, wewe umetoa oda. Kutaka kuitwa mtunzi kwa oda ni kuwadhulumu.

Ya kufanya ni haya. Anza na mchoro wa mkono wako, utie sahihi na tarehe, utunze. Programu ikikusaidia, badilisha kazi yake kwa maamuzi yako na umwambie mnunuzi ukweli. Hakimiliki huzaliwa pale unapotunga. Usajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ni ushahidi, kwa hiyo sajili. Ukiuza, mkataba useme wazi kama unauza picha pekee au pamoja na haki ya kuinakili. Na mtindo haulindwi na sheria. Kinacholindwa ni picha yenyewe.

Vijana wa Lindi, shikeni brashi na patasi wenyewe. Picha ambayo hukuamua chochote ndani yake usiidai.