SALADI YA JODARI KWA CHAKULA CHA MCHANA

Mtu afanyaye kazi mbali na nyumbani aweza kujitengenezea chakula chema cha mchana pasipo moto. Achukue mkebe 1 wa jodari, kitunguu 1, nyanya 2, ndimu 1, chumvi na mkate. Mkebe uliovimba au unaovuja usitumiwe kamwe.

Jambo kubwa ni hili: mkebe usifunguliwe asubuhi. Jodari aliyemo amekwisha kupikwa, naye hukaa salama maadamu mkebe umefungwa. Lakini ukiisha kufunguliwa, vijidudu huingia, na penye joto huweza kufanya sumu katika nyama ya samaki huyo. Sumu hiyo huenda isijulikane kwa harufu, wala haiondoki kwa kupikwa tena. Aliyeila huumwa na kichwa, uso huwa mwekundu, na mwili humwasha.

Basi wakati wa kula ufikapo, mikono na kisu vioshwe. Kitunguu na nyanya zikatwe vipande vidogo, zichanganywe bakulini pamoja na jodari, chumvi kidogo na maji ya ndimu, kisha saladi iliwe papo hapo na mkate. Iliyokaa nje ya friji kwa muda wa zaidi ya saa 2 itupwe. Hasara yake ni ndogo kuliko hasara ya ugonjwa.