Historia ya Ukanamungu (4): Wanawake na Ugomvi wa Ndani

Harakati za watu wasioamini Mungu, tangu zilipoanza kuwa na vyama, magazeti na mikutano yake huko Ulaya na Marekani, zimekuwa na wanawake katika safu ya mbele. Jambo hili husahaulika kwa kuwa sura inayojulikana zaidi leo ni ya mwanamume Mzungu, msomi wa sayansi, akibishana na mchungaji jukwaani. Husahaulika pia kwamba ugomvi kuhusu nafasi ya mwanamke haukuletwa na mitandao ya kijamii. Umezuka mara kwa mara tangu karne ya 19, na kiini chake ni kilekile: je, haki za wanawake ni sehemu ya kazi ya harakati, au ni shughuli ya watu wengine?

Kwa Ernestine Rose swali hilo halikuwa na maana, maana kutoamini Mungu na kudai haki za mwanamke vilimjia kwa pamoja. Alizaliwa Poland mwaka 1810, binti wa rabi. Mama yake alipofariki alimwachia urithi, na baba akamposesha kwa mwanamume asiyemtaka, kwa masharti ambayo yangemnyang'anya mali hiyo endapo angevunja uchumba. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi alipokwenda mahakamani kuidai, na akashinda. Alifika New York mwaka 1836, akaanza kuzunguka akikusanya saini za kutaka mwanamke aliyeolewa amiliki mali yake mwenyewe. Sheria ya namna hiyo ilipitishwa katika jimbo hilo mwaka 1848. Lakini alipopendekezwa kuongoza mkutano wa kitaifa wa haki za wanawake, Philadelphia mwaka 1854, wapo waliompinga kwa sababu moja tu: hana dini. Mwanaharakati mwenzake Susan B. Anthony alimtetea, na Rose akachaguliwa. Elizabeth Cady Stanton hakupata bahati hiyo. Mwaka 1896 chama cha kudai kura ya wanawake, alichokuwa amekiongoza mwenyewe, kilipiga kura kujitenga na kitabu chake cha kuikosoa Biblia. Mwanamke asiye na dini alikuwa na wapinzani pande zote mbili: kwa watetezi wa wanawake na ndani ya harakati ya wasioamini.

Upande wa pili ulionekana wazi Uingereza mwaka 1877. Annie Besant, aliyekuwa ameachana na mumewe, kasisi wa Kianglikana, alijiunga na National Secular Society mwaka 1874, na muda si mrefu akawa msemaji wake mkubwa baada ya Charles Bradlaugh, mwanzilishi wa chama. Wawili hao waliamua kuchapisha upya kijitabu cha daktari Mmarekani, Charles Knowlton, kilichoeleza namna ya kuzuia mimba. Kijitabu kilikuwa kimeuzwa kimyakimya kwa miaka mingi, hadi muuza vitabu mmoja wa Bristol alipohukumiwa kwa sababu yake. Mchapishaji Charles Watts alikiri kosa ili mambo yaishe. Besant na Bradlaugh wakakitoa kwa jina lao, kwa bei ya peni sita, na kuwaarifu polisi mahali na saa kitakapouzwa.

Walipofikishwa mahakamani, Besant alijitetea mwenyewe bila wakili, jambo lililowashangaza wengi kwa mwanamke wa zama zile. Hoja yake haikuhusu Mungu hata kidogo. Alizungumzia wake wa vibarua wanaozaa mwaka hadi mwaka, vyumba vinavyolaza familia nzima, na watoto wanaokufa kabla ya kutembea. Baraza la wazee wa mahakama lilikiona kijitabu kuwa kinapotosha maadili, ila likasema washtakiwa hawakuwa na nia mbaya. Walihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini, hukumu iliyotenguliwa mwaka uliofuata kwa kasoro ya kisheria katika hati ya mashtaka. Kilichobaki ni hasara ya Besant peke yake: mwaka 1878 mahakama ilimnyang'anya binti yake, Mabel, kwa kuwa mama asiyeamini Mungu na anayeeneza kitabu cha namna hiyo hafai kulea mtoto. Bradlaugh hakupoteza kitu cha kulinganishwa na hicho.

Kesi hiyo ilikipasua chama. George Holyoake, mkongwe aliyebuni jina lenyewe la usekula, pamoja na Watts na wengine walijitenga wakaunda British Secular Union. Walihofu kwamba adui atapata kisingizio cha kuwaita wakanamungu wote wahuni. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo, inafaa kutazama ni nani aliyeambiwa asubiri kwa ajili ya heshima ya chama.

Karne ya 20 ilikuwa na viongozi wanawake bila mjadala mkubwa kuhusu wanawake. Madalyn Murray O'Hair, mmoja wa washtaki katika mashauri ya mwaka 1963 yaliyofanya Mahakama ya Juu ya Marekani kukataza usomaji wa Biblia unaoendeshwa na shule za umma, alianzisha American Atheists na kuiendesha kwa mkono wa chuma. Freedom From Religion Foundation ilianzishwa mwaka 1976 na Anne Nicol Gaylor na binti yake Annie Laurie. Mama huyo aliingia katika vita hivyo baada ya kuona, akitetea haki ya kutoa mimba, kwamba kila mlango aliougonga ulikuwa umefungwa na kanisa.

Vitabu vya Sam Harris, Daniel Dennett, Richard Dawkins na Christopher Hitchens, vilivyotoka kati ya 2004 na 2007, viliwavuta wanachama wapya na kuipa harakati sura ya kiume. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 68 ya Wamarekani wanaojiita wakanamungu ni wanaume, na asilimia 78 ni Wazungu. Wapo wanaoeleza tofauti hiyo kwa kusema wanaume wana hulka ya ubishi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kwa mwanamke mwenye kipato kidogo, kanisa ni mahali pa kuachia watoto, kupata mchango wa msiba na kupata watu wa kumtembelea akiugua. Sikivu Hutchinson, mwandishi Mmarekani mweusi, ameeleza kuwa mwanamke mweusi anayetoka kanisani huacha mtandao mzima wa kusaidiana, kisha hukuta vyama vya wasioamini vinavyojadili mageuko ya viumbe na vibao vya Amri Kumi mahakamani, huku kodi ya nyumba ikiwa haimo kwenye ajenda.

Mvutano ulilipuka Juni 2011 mjini Dublin. Rebecca Watson, mwanzilishi wa blogu ya Skepchick, alizungumzia ubaguzi dhidi ya wanawake katika mjadala mmoja wa mkutano wa kimataifa wa wakanamungu. Usiku alikaa na wenzake baa ya hoteli hadi karibu saa kumi alfajiri, akasema amechoka na anakwenda kulala. Mwanamume mmoja alimfuata ndani ya lifti akamwalika chumbani kwake kunywa kahawa. Watson alikataa, na baadaye akalisimulia tukio hilo katika video kwa maneno machache, akiwaomba wanaume wasifanye hivyo. Hakumtaja mtu wala kudai amedhuriwa. Alichopata ni mvua ya matusi na vitisho vya kubakwa, iliyodumu miaka. Dawkins aliandika barua ya kejeli kwa mwanamke Mwislamu wa kubuni, akimwambia aache kulalamika juu ya ukeketaji kwa kuwa dada zake wa Marekani wanateseka zaidi ndani ya lifti. Aliomba radhi mwaka 2014.

Kejeli hiyo ilikuwa na kasoro ambayo wanawake waliotoka kwenye Uislamu waliweza kuiona haraka. Mina Ahadi wa Ujerumani na Maryam Namazie wa Uingereza, wote wazaliwa wa Iran, walikuwa wameanzisha mabaraza ya waliouacha Uislamu tangu 2007. Kasoro yenyewe ni hii: hakuna sababu ya mateso ya mwanamke mmoja kutumiwa kumnyamazisha mwingine.

Baada ya Dublin, vyama vingi vilitunga kanuni dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia mikutanoni. Mwaka 2012 shirika la Center for Inquiry liliandaa kongamano la kwanza la Women in Secularism, na Jennifer McCreight akapendekeza tawi la harakati litakaloshughulikia pia ubaguzi wa jinsia na rangi. Waliopinga walisema ukanamungu ni kutoamini Mungu, basi. Hoja hiyo ni sahihi kwa kamusi, lakini chama kina ukumbi, bajeti, viongozi na wanachama, na kamusi haisemi lolote kuhusu namna ya kuviendesha.

Tangu hapo mstari wa mpasuko umesogea. Ophelia Benson, mkosoaji mkali wa ubaguzi dhidi ya wanawake, alitengana na wanablogu wenzake mwaka 2015 kwa sababu ya mjadala kuhusu watu waliobadili jinsia. Mwaka 2021 American Humanist Association ilimvua Dawkins tuzo iliyompa mwaka 1996, kwa kauli zake kuhusu watu hao. Desemba 2024 Freedom From Religion Foundation ilichapisha kisha ikaondoa makala ya mwanabiolojia Jerry Coyne kuhusu maana ya kuwa mwanamke. Coyne, Steven Pinker na Dawkins wakajiuzulu katika bodi yake ya heshima. Uongozi uliofanya uamuzi huo ulikuwa chini ya Annie Laurie Gaylor, mmoja wa waanzilishi wa 1976, na mumewe Dan Barker. Safari hii wanawake waliokuwa upande mmoja mwaka 2011 wamejikuta kambi tofauti, kila kambi ikisema ndiyo inayowatetea wanawake.