Agosti 1905: Nani Alimtesa Nani Kusini?

Anayetoka Lindi kwenda Masasi hupita Nyangao, kisha njia panda ya Nanganga inakochepukia barabara ya Ruangwa na Nachingwea, ndipo afike Ndanda. Kipande hicho cha bonde la Lukuledi kimebeba swali ambalo wanahistoria wa dini tunaulizwa kila mara: mmisionari akiuawa, je, ameuawa kwa sababu ya imani yake?

Wabenediktini wa Ujerumani walijenga Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Walikuta nchi ya Wamwera, Wamakua na Wayao, watu wenye matambiko yao, jando na unyago, huku Uislamu ukipanda taratibu kutoka pwani. Wakristo walikuwa kikundi kidogo tu. Miaka kumi baadaye, Vita vya Maji Maji viliposhuka kutoka Matumbi, vituo vyote viwili vilichomwa moto.

Kanisa limeyahifadhi majina ya waliouawa. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walipofika karibu na Liwale walizingirwa na kuuawa wote watano. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya Nyangao. Wamisionari walikimbia porini, na katika kukimbia huko Sista Walburga Diepolder akapoteana na wenzake. Hakuonekana tena.

Kwa Wakristo, hao ni mashahidi, na sina sababu ya kuwapokonya heshima hiyo. Sista aliyevuka bahari kuja kuuguza vidonda vya watu hakustahili kufa namna ile. Lakini mtafiti analazimika kutazama kilichotangulia.

Vita vilianza Julai kwa watu kung'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshawapa watu maji ya kuwakinga na risasi, kwa hiyo upande wa wapiganaji nao ulikuwa na imani yake, manabii wake na miiko yake. Walipofika misheni hawakuona nyumba ya Mungu iliyosimama mbali na boma. Waliona Wajerumani wengine, wenye lugha ileile na bendera ileile. Tena si Wajerumani peke yao waliokumbwa. Misheni ya Waingereza pale Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, nayo iliteketezwa, na wamisionari wake wakakimbilia Lindi. Kituo hichohicho kilikuwa kimevamiwa na Wangoni mwaka 1882, wakiwa wanatafuta mateka na mali. Mavamizi mawili, mahali pamoja, sababu mbalimbali. Anayeyaweka yote katika kapu la mateso ya kidini anapoteza karibu kila kitu cha kujifunza.

Na upo upande mwingine unaosimuliwa mara chache. Huko Ungoni, kabla ya vita, mmisionari wa Peramiho alichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mahali ambapo mkuu huyo alikuwa akiwatolea sadaka wazee wake waliotangulia. Tuliite tendo hilo kwa jina lake: ni mateso ya kidini, yaliyotendwa na mwenye nguvu dhidi ya ibada ya mwenyeji. Mwaka 1905 Peramiho nayo ikachomwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga wakuu wa Wangoni pale Songea. Wengi wao, Mputa akiwemo, walibatizwa kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi. Hiyari ya mtu anayengoja kunyongwa ni hiyari ya namna gani? Sijawahi kupata jibu linaloniridhisha, na namtilia shaka anayelitoa upesi.

Wazungu waliouawa katika vita vyote walikuwa 15. Waafrika, kwa hesabu ya serikali ya Wajerumani yenyewe, ni 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala. Majina yao hayasomwi kwenye ibada yoyote.

Baada ya vita Wabenediktini walihamishia nguvu zao Ndanda, mwaka 1906, mahali penye maji ya uhakika. Zahanati ikakua ikawa hospitali, shule zikafuata. Lakini watu wengi wa bara ya Lindi waliosalia hawakugeukia misheni, walisilimu. Mwaka 1908 barua iliyosemekana kutoka Makka ilisambazwa Lindi ikiwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia, na maofisa wa Kijerumani wakaingiwa na hofu ya Maji Maji ya pili. Safari hii Waislamu ndio waliotazamwa kwa jicho la mashaka kwa sababu ya ibada zao.

Masasi walichukua njia nyingine. William Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, pamoja na mapadri wenyeji, waliiingiza jando ndani ya Kanisa: mtoto atahiriwe na kufundwa, ila sala zichukue nafasi ya tambiko. Wapo waliolaumu kwamba Kanisa limeipora mila, na wapo waliosema mila imelimeza Kanisa. Kwangu mimi, lilikuwa jambo la busara kuliko kuchoma vibanda.

Swali la mmisionari na hiari ya anayebadili dini halikuishia kusini kwetu; linaitesa India hadi leo, nchi ambayo Wahindu ndio wengi. Mwaka 1999, katika jimbo la Odisha, mmisionari wa Australia Graham Staines aliyehudumia wakoma alichomwa moto ndani ya gari pamoja na wanawe wawili wadogo. Jimbo hilohilo lilikuwa na sheria tangu 1967 ya kuzuia kumbadili mtu dini kwa nguvu, udanganyifu au vishawishi. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba haki ya kueneza dini haimpi mtu haki ya kumbadili mwenzake dini. Utata wote uko kwenye vishawishi. Kwa kipimo hicho dawa ya bure ya Ndanda ingeweza kufikishwa mahakamani, na shule ya Nyangao pia. Kuna nyakati ambapo shule zetu za misheni zilikuwa kishawishi kweli: mzazi asiyetaka mwanawe abatizwe hakuwa na shule nyingine ya kumpeleka. Tanzania haikuupiga marufuku mwaliko wa dini. Ibara ya 19 ya Katiba inaacha kueneza dini kuwa huru na jambo la hiari ya mtu binafsi. Serikali iliondoa kishawishi chenyewe: kwa Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitaifisha shule za misheni, na mtoto wa Kiislamu wa Nachingwea akasoma bila kudaiwa ubatizo.