Moto umezimwa, lakini pipa bado linapika

Mwaka ule kazi iliposimama huku kwetu Kabambare, mama watoto aliniambia: « Baba, wewe ulikulia Lubumbashi, unajua munkoyo. Huku kuko joto, wachimbaji wako na kiu. Tupike, tuuzishe. » Tukachukua feza ya likelemba, tukanunua kilo 25 za bunga ya mahindi. Mizizi ya munkoyo ilitoka Katanga ndani ya kamio.

Nilifuata yote ya mama yangu. Pika uji, uivishe vizuri. Ondoa moto. Ngoja saa moja. Tia mizizi iliyopondwa, funika, asubuhi utakuta kinywaji chepesi, kitamu, bila sukari ya duka hata kijiko.

Asubuhi tulikuta uji. Uji ule ule, mzito, na mizizi imesimama ndani kama kuni. Siku ya pili ulichacha vibaya, tukamwaga yote nyuma ya nyumba, majirani wanaangalia. Likelemba ikabaki inatudai.

Mama yangu hakunidanganya. Yeye alikuwa anapika sufuria ya litri kumi, mwezi wa sita, Lubumbashi, kule juu kwenye mita 1200 hivi, ambako asubuhi za wakati wa baridi watu wanavaa makoti. Mimi nilipika pipa la litri 200 huku chini kwenye joto. Saa moja yake na saa moja yangu si saa moja. Sufuria yake ilikuwa imeshuka mpaka vuguvugu. Pipa langu, ukigusa juu ni sawa, kumbe katikati kungali kunaunguza. Uji mzito hauzunguki kama maji, joto linabaki limefungwa ndani.

Na mizizi ile si kiungo cha harufu tu. Ndani yake kuna enzimu, vitu vidogo vinavyokatakata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Vinapenda joto la wastani, tuseme kati ya digrii 50 na 60. Ukivitia kwenye digrii 80 vinakufa, na uji ukipoa baadaye havifufuki. Lakini ukingoja mpaka uji uwe baridi kabisa, kazi inakwenda polepole na uchachu unaingia mbele. Wamama wanaopika pombe kwa mahindi yaliyooteshwa wanajua shida hii hii, ni enzimu za namna moja.

Hata watu wa bia iko inawasumbua. Bia inatiwa hubloni, maua yale yanayoleta uchungu na harufu. Ikichemka mda mrefu inatoa uchungu. Ikitiwa mwishoni inatoa harufu. Kiwandani kuna mashine ya kupoza haraka. Lakini Ulaya na Marekani kuna watu wanaojipikia bia nyumbani, na wengine wanaacha sufuria ipoe yenyewe. Hao wanakuta bia chungu, juu mpaka joto lishuke chini ya digrii 80 hivi, hubloni inaendelea kutoa uchungu hata moto umezimwa. Basi ile ya dakika kumi za mwisho wanaichelewesha, wanaitia moto ukiisha kuzimwa. Hawahesabu tena tangu moto. Wanahesabu tangu joto.

Sasa sisi tunafanya hivi. Uji tunaupika mzito, kwa nusu ya maji tu. Nusu nyingine tunaichemsha jana yake jioni, inalala imefunikwa. Isiwe maji ya mto yasiyochemshwa, hapana, kipindupindu tunakijua. Uji unaochemka ukichanganya na maji baridi sawa kwa sawa, unashuka mara moja mpaka digrii 60 na kitu. Unagawa katika masufuria matatu ao manne, unakoroga mpaka chini, unangoja kidogo, ndipo mizizi inaingia. Kupima, chukua kopo la bati, tia kikombe cha maji yanayochemka na kikombe cha maji baridi. Shika kopo, kiisha shika sufuria kwa nje. Sufuria ikiwa na joto la kopo ao chini yake kidogo, tia mizizi. Kipimajoto cha hospitali usikitumbukize, kinaishia 42, kitapasuka, na kama ni cha zebaki umeharibu chakula chote.

Neno la pipa. Lile letu la kwanza sikuuliza lilitoka wapi. Mimi, mtu wa sendika, ninayewafundisha wenzangu kila juma juu ya dawa za mgodi! Pipa lililobeba mafuta ya mashine, ao dawa ya kutoa zahabu kama sianidi, halioshwi likawa la chakula, hata kwa sabuni na mchanga. Yule anayekuuzishia kwa bei ndogo hatakuambia. Uji ule kumwagika, leo nasema ni bahati yetu.

Deni la likelemba tulimaliza kulipa kwa mapishi ya masufuria. Munkoyo wa siku ya kwanza tunawapa hata watoto. Wa siku ya tatu umekwisha kuwa pombe, na mama watoto hamuuzii mtu anayeshuka shimoni asubuhi ile, hata akimtukana.